Hatua ya 16 bora ya Copa Libertadores: kumalizia nyumbani kuna faida kiasi gani?

Kiungo Mkabaji aliuliza:

Habari za wakati huu, ndugu wanajukwaa. Ninaleta kwenu jambo ambalo nadhani tumelizoea mno hata hatulichunguzi tena, nalo ni ile zawadi anayopewa kinara wa kundi anapoingia hatua ya 16 bora ya Copa Libertadores, kombe kubwa la klabu za Amerika Kusini, yaani haki ya kucheza mechi ya marudiano kwenye uwanja wake.

Utaratibu wenyewe tunaufahamu. Timu 32 hugawanywa katika makundi 8, timu mbili za juu za kila kundi husonga mbele, ya tatu hupelekwa Copa Sudamericana, kombe la pili kwa hadhi, na ya nne huaga mashindano. Baada ya hapo Conmebol, shirikisho la soka la Amerika Kusini, huendesha droo, ambapo vinara 8 huwekwa katika chungu kimoja na walioshika nafasi ya pili huwekwa katika chungu kingine, kisha kila kinara hupangiwa mpinzani kutoka chungu cha pili. Hakuna kinga nyingine yoyote. Timu za nchi moja zinaweza kukutana, kama Palmeiras na Botafogo walivyokutana mwaka 2024, na hata timu zilizotoka kundi moja zinaweza kupangwa tena pamoja, kama ilivyotokea mwaka 2022 kwa Boca Juniors na Corinthians waliokuwa wote katika Kundi E.

Wachambuzi wengi husema kwamba anayemalizia nyumbani ameshavuka nusu ya safari. Nikiwatazama mabingwa wa karibuni, naona mambo tofauti. Mwaka 2024 Botafogo walimaliza kundi lao nyuma ya Junior ya Barranquilla, wakaanzia nyumbani Rio de Janeiro kwa kuwafunga Palmeiras 2-1, wakaenda São Paulo wakatoka sare ya 2-2, na mwezi Novemba wakalitwaa kombe mjini Buenos Aires kwa kuwafunga Atlético Mineiro 3-1. Mwaka 2025 Flamengo walimaliza nyuma ya LDU ya Quito, wakaanzia nyumbani kwenye uwanja wa Maracanã kwa ushindi wa 1-0 dhidi ya Internacional, wakaenda Porto Alegre wakashinda 2-0, na hatimaye wakawafunga Palmeiras 1-0 katika fainali ya Lima. Mabingwa wawili mfululizo, na wote wawili waliimaliza hatua ya 16 bora ugenini.

Ninaomba pia tukumbuke kwamba tangu mwaka 2022 bao la ugenini halihesabiwi zaidi ya bao la nyumbani (zamani jumla ya mabao ikilingana, aliyefunga mengi ugenini ndiye aliyevuka), na kwamba katika Libertadores hakuna dakika 30 za nyongeza kabla ya fainali. Jumla ya mabao ikilingana baada ya dakika 180, timu huenda moja kwa moja kwenye mikwaju ya penalti. Je, kanuni hizi mbili zimeiongezea thamani mechi ya marudiano ya nyumbani, au zimeipunguzia?

---

Mkongwe wa Takwimu alijibu:

Ndugu Kiungo Mkabaji, swali lako ni zuri, lakini mabingwa wawili ni mfano mdogo mno kutoa hukumu. Tuchukue matoleo matatu yaliyochezwa kwa kanuni zilezile, yaani 2023, 2024 na 2025, ambayo kwa pamoja yana jozi 24 za hatua ya 16 bora. Mwaka 2023 vinara 6 kati ya 8 walitinga robo fainali, na walioanguka ni Independiente del Valle mbele ya Deportivo Pereira, na Athletico Paranaense mbele ya Bolívar. Mwaka 2024 walivuka 4 tu. Mwaka 2025 walivuka 7, na aliyeanguka peke yake ni Internacional mbele ya hao Flamengo uliowataja. Jumla ni vinara 17 kati ya 24.

Idadi hiyo ni kubwa, lakini haithibitishi kwamba uwanja wa nyumbani ndio uliowavusha, kwa sababu kinara mara nyingi ni timu bora tangu mwanzo, na timu bora hushinda popote. Palmeiras walipoifunga Universitario 4-0 mjini Lima mwaka 2025, marudiano ya São Paulo yaliyoisha kwa suluhu, yaani 0-0, hayakuwa na kazi yoyote ya kufanya. Kwa hiyo, ukitaka kuupima uwanja wenyewe, tazama jozi ambazo timu zilishindwa kutofautiana kwa dakika zote 180, kwa sababu hapo ubora unakuwa umelingana na kinachobaki ni mazingira.

Katika miaka hiyo mitatu jozi za namna hiyo zilikuwa 6. Boca Juniors waliwatoa Nacional ya Uruguay kwa penalti 4-2 kwenye uwanja wa La Bombonera. Internacional waliwatoa River Plate kwa penalti 9-8 mjini Porto Alegre. Fluminense waliwatoa Grêmio 4-2 pale Maracanã. São Paulo waliwatoa Atlético Nacional ya Medellín 4-3, na River Plate wakawatoa Libertad ya Paraguay 3-1, kila mmoja akiwa nyumbani kwake. Mgeni aliyefaulu ni mmoja tu, Bolívar, aliyewatoa Athletico Paranaense mjini Curitiba mwaka 2023. Wenyeji 5 kati ya 6 ni uwiano unaostahili kuzingatiwa, ingawa nakiri kwamba jozi 6 bado ni chache. Ukirudi nyuma mwaka mmoja, utawakuta Corinthians wakishinda mikwaju 6-5 ndani ya La Bombonera baada ya suluhu mbili, siku ambayo Darío Benedetto wa Boca alikosa penalti ndani ya mchezo na akakosa tena kwenye mikwaju.

Sasa nije kwenye swali lako la kanuni, maana hapa ndipo penye uhondo. Zipitie tena jozi hizo 6 na ujiulize nani angevuka kama bao la ugenini lingekuwa bado linahesabiwa. Boca na Nacional walitoka 0-0 mjini Montevideo na 2-2 mjini Buenos Aires, hivyo wangevuka Nacional. São Paulo na Atlético Nacional walitoka 0-0 kule Medellín na 1-1 kule São Paulo, hivyo wangevuka Atlético Nacional. River na Libertad walitoka 0-0 mjini Asunción na 1-1 mjini Buenos Aires, hivyo wangevuka Libertad. Bolívar walishinda 3-1 mjini La Paz na kufungwa 2-0 ugenini, hivyo wangevuka Athletico kwa lile bao lao moja la La Paz. Jozi mbili zilizobaki zilikuwa na 2-1 kila upande, na zingeishia kwenye penalti hata hivyo.

Maana yake ni kwamba kufutwa kwa kanuni hiyo kumebadilisha matokeo ya jozi 4, na katika 3 kati ya hizo aliyeokolewa ni mwenyeji wa marudiano. Zamani suluhu ya mechi ya kwanza ilikuwa hatari kwa kinara, kwa kuwa bao moja tu la mgeni kwenye marudiano lilimlazimisha kufunga mawili. Siku hizi anaweza kufungwa bao, akasawazisha, akasubiri mikwaju mbele ya mashabiki wake. Jibu langu ni kwamba kanuni zote mbili zimeiongezea uzito zawadi ya kinara, na zimeongeza sana.

---

Mzee wa Jukwaa la Kaskazini alijibu:

Ninakubaliana na hesabu za ndugu yangu hapo juu, ila ningependa vijana wajue kwamba kuongoza kundi kulikuwa na thamani kubwa zaidi hapo zamani, na kwamba hata thamani hiyo kubwa haikumlinda mtu.

Hadi mwaka 2016 hapakuwa na droo ya hatua hii. Timu 16 zilipangwa kwa matokeo ya makundi kuanzia ya 1 hadi ya 16, kisha ya 1 ikacheza na ya 16, ya 2 na ya 15, na kuendelea hivyo. Kinara bora alipata mpinzani dhaifu zaidi kwenye karatasi na pia alipata marudiano nyumbani. Mwaka 2015 Boca Juniors walishinda mechi zote 6 za kundi lao wakakusanya pointi 18. River Plate walipita kwa pointi 7 tu, tena kwa msaada wa Tigres ya Meksiko, ambao katika mechi ya mwisho ya kundi waliwafunga Juan Aurich 5-4 nchini Peru. Basi wa 1 akakutana na wa 16, na hao wawili wakawa ndio mahasimu wakubwa kuliko wote wa Buenos Aires.

River walishinda 1-0 nyumbani kwa penalti ya Carlos Sánchez. Marudiano ya tarehe 14 Mei hayakumalizika. Matokeo yakiwa bado 0-0, wachezaji wa River walipuliziwa dawa ya pilipili ndani ya njia ya kutokea vyumba vya kubadilishia nguo wakati wakirudi kwa kipindi cha pili, mechi ikavunjwa, na Conmebol ikawaondoa Boca kwenye mashindano. River wakaendelea hadi fainali, wakawakuta Tigres walewale waliowaokoa kwenye makundi, wakawafunga 3-0 katika marudiano mjini Buenos Aires baada ya suluhu kule Meksiko. Ilinihuzunisha wakati ule, na bado inanihuzunisha, kwamba timu iliyocheza vizuri kuliko zote kwenye makundi iling'olewa na watu waliojiita mashabiki wake.

Droo ilipoanza mwaka 2017, kinara alipoteza haki ya kupewa mpinzani dhaifu na akabakiwa na marudiano peke yake. Hata hivyo ule mpangilio wa 1 hadi 16 haujafa. Bado unatumika kuamua nani atamalizia nyumbani katika robo fainali na nusu fainali, kwa hiyo pointi za makundi zinaendelea kumfuata mtu hadi mlangoni mwa fainali.

---

Mlinda Lango alijibu:

Shikamoo mzee wetu, na asanteni nyote. Mimi ninaona kuna jambo ambalo hesabu za jumla zinalificha, nalo ni mwinuko wa viwanja. Huwezi kuzungumzia marudiano ya nyumbani kana kwamba nyumbani kote ni sawa. La Paz iko karibu mita 3,600 juu ya usawa wa bahari, Quito iko karibu mita 2,850, na timu inayotoka Rio au Montevideo inakwenda huko ikiwa imezoea kuishi pwani. Hewa inapokuwa nyepesi, mchezaji hupumua kwa shida akirudia mbio fupifupi, na mpira nao hukimbia kasi zaidi kwa sababu hewa haiuzuii kama kawaida, jambo ambalo sisi makipa tunalijua vizuri kwani shuti la mbali hufika kabla miguu haijajipanga.

Watu wengi hudhani kwamba timu ya mlimani ikipata marudiano nyumbani imekwisha kuvuka. Mwaka 2024 Bolivia ilikuwa na vinara wawili wa makundi, jambo la kujivunia kabisa, na wote wawili walimalizia La Paz. The Strongest walianzia Montevideo wakachapwa 4-0 na Peñarol, wakarudi nyumbani wakashinda 1-0 tu. Bolívar walianzia Maracanã wakafungwa 2-0 na Flamengo, na wao pia wakashinda 1-0 nyumbani. Wote wawili walishinda mlimani, na wote wawili wakatolewa. Deni lilikuwa kubwa, na mgeni aliyekuja na mtaji wa mabao mawili au manne hakuwa na sababu ya kukimbia. Alirudi nyuma, akaushika mpira pale alipoweza, akapoteza muda kwa kila njia iliyoruhusiwa, na hewa nyepesi ikamdhuru kidogo kuliko ambavyo ingemdhuru kama angelazimika kushambulia.

Linganisheni na Bolívar wa mwaka mmoja kabla, waliokuwa nafasi ya pili na hivyo wakaanzia La Paz. Walishinda 3-1, wakaenda Curitiba wakafungwa 2-0, wakavuka kwa penalti. Kwa timu ya mlimani, ninashawishika kwamba kuanzia nyumbani si adhabu hata kidogo, kwa sababu mabao huchumwa mapema wakati mgeni bado anatafuta pumzi na bado hajui ni matokeo gani yatamtosha. Ni kweli kuna mfano unaonipinga, nao ni LDU wa mwaka 2025, walioanzia Quito katika nusu fainali, wakawafunga Palmeiras 3-0, kisha wakaenda São Paulo wakapokea mabao 4-0. Ila katika 16 bora ya mwaka huohuo LDU walipomalizia nyumbani, walikuwa wamefungwa 1-0 tu na Botafogo, bingwa mtetezi, na deni la bao moja mjini Quito linalipika. Walishinda 2-0.

---

Shabiki wa Avellaneda alijibu:

Naomba niongeze sababu moja ambayo naiona kubwa kuliko uwanja. Mwaka 2024 na 2025 mechi nyingi za makundi ziliisha mwishoni mwa Mei, na hatua ya 16 bora ikachezwa Agosti. Katikati kulikuwa na zaidi ya miezi miwili na dirisha la usajili. Timu iliyoongoza kundi na timu inayoingia uwanjani mwezi Agosti zinaweza kuwa na jina moja na jezi moja lakini zikawa timu mbili tofauti kabisa, kwa kuwa kanuni zinaruhusu klabu kubadilisha sehemu ya orodha ya wachezaji kabla ya mtoano kuanza.

Mwaka 2024 Palmeiras waliongoza kundi lao wakiwa na Endrick, na walipokutana na Botafogo mwezi Agosti kijana huyo alikuwa ameshakwenda Real Madrid. Katika dirisha hilohilo Botafogo waliwaongeza Thiago Almada na Igor Jesus, na Igor Jesus alikuwa miongoni mwa waliowafunga Palmeiras katika raundi hiyo. Sasa tazama Botafogo walewale mwaka uliofuata. Mwezi Juni walikwenda Marekani kwenye Kombe la Dunia la Klabu, wakaishangaza dunia kwa kuifunga Paris Saint-Germain 1-0, wakatolewa na Palmeiras katika mtoano, kisha kocha Renato Paiva akaondolewa na Davide Ancelotti akachukua nafasi yake, huku Igor Jesus na beki Jair wakiuzwa kwa Nottingham Forest. Walipofika Quito mwezi Agosti walikuwa bingwa mtetezi kwa hati tu. Flamengo kwa upande wao walitumia wiki hizo hizo kuwaleta Samuel Lino, Saúl, Emerson Royal na Jorge Carrascal, na timu iliyomaliza ya pili katika kundi ikarudi ikiwa na nguvu kuliko ilivyokuwa mwezi Mei.

Kwa klabu ndogo hali ni ngumu zaidi. Mwaka 2025 Conmebol ililipa dola milioni 1.25 kwa kila timu iliyofika 16 bora, na dola milioni 1.7 nyingine kwa kila iliyovuka hadi robo fainali. Fedha hizo zinasaidia sana klabu ya kawaida, lakini haziwezi kumzuia mshambuliaji ambaye klabu ya Ulaya imemwekea bei mara kadhaa ya hapo. Mimi huumia kuona kikosi kilichotupa furaha kwenye makundi kikivunjwa kabla ya mechi iliyokuwa ya maana zaidi kwake.

Racing yangu imepitia hatua hii mara mbili ikiwa kinara katika miaka tunayoijadili, na mara zote mbili ilifungwa mechi ya kwanza. Mwaka 2023 tulifungwa 4-2 na Atlético Nacional kule Medellín, tukashinda 3-0 pale El Cilindro, uwanja wetu. Mwaka 2025 tulifungwa 1-0 na Peñarol mjini Montevideo, tukashinda 3-1 nyumbani. Kwa hiyo uwanja una nguvu, siukatai. Ninachosema ni kwamba nguvu hiyo huonekana kwa timu iliyofika Agosti ikiwa bado nzima.

---

Kiungo Mkabaji aliandika tena:

Ninawashukuru nyote, hasa Mkongwe kwa ile hesabu ya mabao ya ugenini ambayo sikuwahi kuiona ikifanywa, na dada Mlinda Lango kwa kunifungua macho kuhusu The Strongest na Bolívar. Sasa ninaomba tuugeuze upande wa pili. Tuseme wewe ni kocha wa timu iliyoshika nafasi ya pili, na unaanzia nyumbani dhidi ya kinara. Zamani makocha walikuwa wakisema kwamba jambo la kwanza ni kutoruhusu bao, na kwamba suluhu si matokeo mabaya. Je, ushauri huo bado una maana wakati bao la mgeni halina tena uzito wa ziada?

---

Mwalimu wa Vijana alijibu:

Ndugu Kiungo Mkabaji, nimesoma uzi mzima kwa makini kwa sababu swali hili la mwisho ndilo kazi yetu makocha. Nimezirudia zile jozi 24 za Mkongwe nikiangalia mechi ya kwanza peke yake, na nilichokikuta kinaeleza mengi kuliko nilivyotarajia.

Timu za nafasi ya pili zilishinda mechi ya kwanza mara 13, zikatoka sare mara 7, zikafungwa mara 4. Zilizosonga mbele ni 7, na zote 7 zilikuwa zimeshinda mechi ya kwanza. Katika miaka yote mitatu hakuna hata timu moja ya nafasi ya pili iliyotoka sare nyumbani kisha ikavuka. Nacional ya Uruguay walitoa suluhu nyumbani mwaka 2023 na mwaka 2024, wakatolewa mara zote mbili. Libertad, Fortaleza na Atlético Nacional walitoa suluhu nyumbani mwaka 2025, wakatolewa wote watatu, na hao wa Medellín walikuwa wamekosa penalti mbili katika mechi hiyo ya kwanza. Argentinos Juniors na San Lorenzo walitoka 1-1 nyumbani, nao wakaishia hapo.

Kwa hiyo ule ushauri wa kale haufai tena katika hatua hii. Suluhu ya nyumbani ilikuwa na thamani wakati bao lako moja la ugenini lingemlazimisha mpinzani kufunga mawili. Sasa inampa mpinzani kile hasa anachokitaka, yaani mechi moja ya dakika 90 nyumbani kwake, na mikwaju nyumbani kwake ikiwa dakika hizo hazitatosha. Timu ya nafasi ya pili ina dakika 90 tu ambazo mazingira yako upande wake, na isipozitumia kufunga, hazirudi.

Tofauti ya mabao nayo inahitaji kutazamwa. Walioshinda mechi ya kwanza kwa bao moja walikuwa 9, wakavuka 4 na kutolewa 5. Walioshinda kwa mabao mawili au zaidi walikuwa 4, yaani Bolívar na Atlético Nacional mwaka 2023, na Flamengo na Peñarol mwaka 2024, na wakavuka 3. Idadi ni ndogo, ninalijua hilo, lakini inalingana na tunachokiona uwanjani. Bao moja halimtii hofu mwenyeji wa marudiano, na humwacha aendelee kucheza mpira wake wa kawaida. Flamengo wa mwaka 2023 walikwenda Asunción wakiwa na bao hilo moja la Maracanã, wakafunga tena mapema wakawa mbele kwa mabao mawili katika jumla, na bado Olimpia wakarudisha, wakashinda 3-1 na kuwavua ubingwa.

Ningekuwa na timu ya namna hiyo, ningewaambia wachezaji wangu kwamba 2-1 ni bora kuliko 1-0 iliyolindwa kwa nusu saa ya mwisho. Ushindi wote wawili una tofauti ileile ya bao moja, lakini timu iliyoendelea kushambulia kwa ajili ya bao la pili ilikuwa na nafasi ya kupata la tatu, na timu iliyojifungia haikuwa nayo. Bao la mgeni halina adhabu ya ziada sasa, hivyo woga wa kufungwa nyumbani unagharimu kuliko kufungwa kwenyewe. Ningepandisha mabeki wa pembeni, ningekubali kuachwa wazi nyuma mara mojamoja, na mabadiliko yangu ya dakika ya 60 yangekuwa ya washambuliaji hata kama tunaongoza.

Kwa kocha wa kinara ushauri ni kinyume chake, na Estudiantes walitoa mfano mzuri mwaka 2025. Walikwenda Asunción wakacheza kwa subira dhidi ya Cerro Porteño, wakashinda 1-0, wakarudi La Plata wakamaliza kwa suluhu. Vélez nao walitoa suluhu ugenini kwa Fortaleza na wakashinda 2-0 nyumbani. Hakuna aliyewasifia kwa burudani, ila walielewa kwamba muda ulikuwa upande wao tangu siku ya droo.